Picha Isiyo na Mwenyewe

Aliyeiharibu picha ile hakuwa na ugomvi na picha. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta, akasimama nalo kimya, mikono nyuma, huku mratibu wa maonyesho akimzungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Picha yenyewe ilikuwa turubai la mita tatu kwenda juu, limetundikwa kwenye ukuta mkuu wa ukumbi wa sanaa, kati ya mapazia mapya meusi. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, nyusi zimepanda, macho yamemtoka, kinywa wazi, nusu kama anacheka, nusu kama ameshtuka. Hakuna mwenye simu asiyemjua. Nauli ikipanda kimyakimya, watu wanatumiana Mama Kumbe. Bwana harusi akigundulika ana mke mwingine, Mama Kumbe. Na chini ya kidevu chake, kwa herufi nene nyeupe, huwa kuna neno moja tu: KUMBE! Inspekta mwenyewe alikuwa naye kwenye simu. Wiki iliyopita tu alimjibu naye shemeji yake aliyetangaza kwamba anaacha sigara, kwa mara ya sita.

Sasa neno halikuwapo. Mahali pake palikuwa na tundu la mstatili, na ndani ya tundu ulionekana ukuta. Uso haukuguswa hata kwa ukucha.

"Hivi vichekesho vya kwenye simu," Inspekta akauliza, "siku hizi ndiyo sanaa?"

"Ndiyo sanaa ya zama zetu," alisema mratibu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya fremu nyekundu. "Zamani alichora mmoja, tukatazama elfu. Memu inachorwa na kila anayeipokea. Huyu anakata, yule anaongeza neno, wa tatu anabadili rangi. Ni kama vitendawili, Inspekta. Kitendawili alikitunga nani?"

"Mimi sikutunga hata kimoja."

"Lakini unavitega. Basi na wewe ni mtunzi." Akamwonyesha kibao kidogo kilichobandikwa ukutani. Kiliandikwa: *Mama Kumbe. Msanii: Sisi sote.*

Sajini, msaidizi wa Inspekta, alikuwa amepiga magoti na utepe wa kupimia. Alikuwa dada mwenye maneno machache na macho ya kunguru. "Afande, hiki si kisu," akasema. "Kisu huenda moja kwa moja. Hapa pana vituo vidogo vidogo. Ametoboa kwa ncha, halafu akakata kwa mkasi. Na mstari umenyooka mno. Kuna chaki ya bluu pembeni. Amepiga mstari kwanza, ndipo akakata."

"Mhuni mwenye rula," alisema Inspekta. "Sijawahi kumwona."

Akageuka kwa mratibu. Mambo yalikuwa haya: jana saa tisa alasiri mafundi wa taa waliondoka, neno lipo. Saa kumi mratibu alitoka kwenda mkutanoni. Saa kumi na mbili jioni alirudi, neno halipo.

"Katikati hapo aliingia nani?"

"Hakuna mtu. Mlangoni alikuwapo mlinzi peke yake. Ndiyo maana nilisema akamatwe."

"Na huyu nani?" Inspekta alimwonyesha barua tatu zilizokuwa kwenye jalada, zote zimeandikwa kwa hasira, zote na mtu mmoja anayejiita Profesa Mbavu.

"Mtengeneza memu. Anadai neno lile ni lake, anataka jina lake liandikwe ukutani. Nilimjibu kwamba sanaa hii haina mwenyewe."

Inspekta akaitazama tena picha. Anayechukia sura hutoboa macho. Anayechukia ukumbi huchoma moto. Huyu alichukua neno, na neno lilikuwa na mtu anayelidai. Njia ilinyooka vizuri, na katika miaka thelathini na moja ya kazi alishajifunza kuziogopa njia za namna hiyo, ila miguu yake ilizipenda bado.

*

Walianza kwa mlinzi, kwa kuwa saa nane mchana alikuwa anapelekwa mahakamani. Walimkuta mahabusu, mzee wa miaka sitini na kitu, ameketi kwenye benchi la saruji, kofia ya kazi juu ya goti.

"Mzee wangu," alianza Inspekta, "daftari la wageni lina karatasi iliyochanwa. Nani kaichana?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na mafua."

Sajini akageuza uso asionekane anacheka.

"Uliifutia pua karatasi ya ofisi?"

"Pua haichagui, afande."

"Mzee, tusitaniane. Hapa tulipo ni saa tatu. Saa nane unasimama mbele ya hakimu, na turubai lile wamelitajia thamani ambayo mimi na wewe hatujawahi kuiota. Utaozea ndani kwa kosa la mtu mwingine. Unamficha nani?"

Mzee aliizungusha kofia yake polepole. "Wewe fanya kazi yako," alisema. "Lakini kuna watu walishafichuliwa vya kutosha."

Inspekta akamsihi, akamtisha, akamwagizia chai. Chai aliinywa.

*

Profesa Mbavu hakuwa profesa, na mbavu zenyewe zilikuwa za watu wengine, hao aliowavunja kwa kicheko. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, anaishi na kufanya kazi kwenye chumba kimoja juu ya kinyozi, kati ya simu tatu na marundo ya fulana. Kwenye kila fulana alikuwapo Mama Kumbe.

"Neno ni langu!" alisema kabla hajaulizwa. "Picha niliikuta imelala tu, haimchekeshi mtu. Mimi ndiye niliyeikata, nikaigeuza, nikaweka neno. Siku mbili tu, nchi nzima inacheka! Leo wanaandika 'sisi sote'. Sisi sote nani? Walikuwapo nilipokuwa nachagua herufi?"

"Kwa hiyo jana ulikwenda ukachukua haki yako."

Kijana akamtazama kwa huruma. "Mzee, neno hilo ninalo kwenye fulana mia mbili. Nikilitaka tena nabonyeza. Nani anakwenda kuiba chumvi baharini?"

Jana alasiri, alisema, alikuwa chini kwa kinyozi. Kinyozi alithibitisha, na kichwa chenyewe kilithibitisha, maana mstari wa shingoni ulikuwa mpya kabisa. Tena humo chumbani hapakuwa na mkasi wala chaki. Sajini akafunga daftari. Inspekta alikuwa ameshashika kitasa cha mlango aliposimama.

"Umesema uliigeuza. Uliigeuzaje?"

"Kulia ikawa kushoto. Ndivyo tunavyofanya wote kwenye kazi hii. Ukiigeuza, mashine za kutafuta picha haziipati ilikotoka. Na wanaomjua mtu wanasita. Ni yeye, si yeye? Mpaka waamue, imeshafika kwa watu elfu kumi."

"Na ulikata nini?"

"Chini. Kulikuwa na kiatu. Kilikuwa kinaharibu kichekesho."

"Kiatu gani?"

Kijana alifurahi kuulizwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake ya umiliki, alisema, ushahidi kwamba yeye ndiye wa kwanza. Akavuta droo, akatoa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza kwa muda mrefu, akamkabidhi.

Mwanamke alikuwa yule yule, ila sasa alitazama upande wa pili. Hakuwa peke yake na kinywa chake. Mikono yake miwili ilikuwa imenyanyua kiatu cha kitambaa, cha mvulana, mbele ya kifua, kama mtu anayetoa zawadi. Kwenye kamba ya kiatu palifungwa kadi, na kwenye kadi paliandikwa namba na tarehe ya miaka sita iliyopita. Nyuma yake ukuta ulikuwa wa kijani mpaka kiunoni, juu mweupe.

Inspekta aliikuza picha ya kadi kwa vidole viwili. Namba saba ilikuwa na kistari katikati na mkia uliopinda, saba ya kizamani aliyofundishwa na baba yake na ambayo Sajini humtania nayo kila siku. Akaitazama muda mrefu. Ukuta ule aliuegemea miaka tisa, pale kaunta ya kituo, kabla hawajaupaka rangi upya.

"Afande?" aliita Sajini. "Kuna nini?"

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Picha hii nimeipiga mimi."

Profesa Mbavu alifungua kinywa kudai kwamba hata hivyo neno lilikuwa lake. Alipouona uso wa Inspekta akakifunga.

"Ulitumiwa na nani?"

"Mume wa dada yangu. Alikuwa askari, sasa kaacha. Aliniambia ni kioja cha kazini kwao."

Inspekta alirudisha simu, kisha akaichukua tena, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika stakabadhi. Alipofika kwenye saba mkono ulisita. Aliona aibu. Wasiwasi wa cheo ulikuwa haujafika bado. Ilikuwa aibu tupu, na ilimpanda mpaka masikioni.

*

Rejista za zamani zilikuwa kwenye kabati la chuma huko masjala, na karani alizipata upesi kuliko Inspekta alivyotaka.

Utaratibu wa siku zile Sajini hakuukuta, ikabidi aelezwe. Ndugu akija kutambua mali ya mtu aliyepotea, hupigwa picha akiwa ameishika, kadi ya kielelezo ikionekana, ili baadaye asije akakana. Kamera ilikuwa simu ya askari wa zamu. Printa ilikuwa masjala, mwisho wa kituo, na hakuna aliyependa kutembea. Basi askari hutuma picha kwenye kundi la kituo kwenye simu, karani anaiona huko, anaichapisha. Hivyo kila siku, kwa kila jalada. Kundi lilikuwa na maofisa, madereva, mpishi, na wengine waliohamishwa zamani bila kuondolewa.

"Na uso hukuukumbuka?" aliuliza Sajini. "Miaka sita unautuma?"

"Wakati wa kupiga hutazami uso. Unatazama kadi, kama namba inasomeka." Akavuta jalada. "Ilisomeka vizuri."

Jalada lilikuwa fupi. Mvulana wa miaka kumi na mitano. Kiatu kiliokotwa ukingoni mwa shimo la kokoto lililojaa maji. Kilitambuliwa na mama kwa mshono wa uzi mwekundu aliouweka mwenyewe kwenye kisigino. Mwili ulipatikana siku ya pili. Kazi ya mama: fundi cherehani.

Sajini ndiye aliyesema. "Chaki ya bluu."

Inspekta alikwisha kushika simu. "Bi Mratibu," alisema, "uliniambia kwamba jana alasiri hakuna aliyeingia."

"Hakuna."

"Yale mapazia meusi yaliyo kando ya picha yaliingia yenyewe?"

"Ah, yale! Alikuja fundi tu. Nikamsainia, nikamwacha anapima pindo, nikaenda mkutanoni."

"Ulisaini mkiwa mmesimama wapi?"

"Pale pale, mbele ya picha. Kwani vipi?"

"Na uso wake hukuuona?"

"Inspekta, nilimsainia karatasi, sikumpiga picha."

*

Duka lake lilikuwa mlango mmoja, cherehani mbili, sare za shule zimetundikwa kuanzia ndogo mpaka kubwa. Alikuwa amevaa miwani mikubwa, mizito, ya mtu anayeona vizuri bila miwani. Aliwaona, akamalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Karibuni. Nilidhani mtakuja mapema zaidi."

Hakusubiri swali. Aliinama chini ya meza, akatoa turubai lililokunjwa vizuri kama shuka, akaliweka mbele yao. Herufi nyeupe zilionekana kwenye kunjo. "Hilo hapo neno lenu. Mlinzi hana kosa. Alinikuta nimemaliza. Nilimwambia aite polisi, akasema yeye haoni kitu, macho yake mabovu. Mfungueni mzee wa watu."

"Atatoka leo, mama," alisema Sajini. "Lakini kwa nini hukukata ile sura?"

"Sura ni yangu, binti yangu. Nijikate uso mwenyewe? Nimekata kisichokuwa changu."

Inspekta alikuwa bado amesimama. Angeweza kuanza na maelezo ya onyo, ndivyo kazi ilivyotaka. "Mama," akasema, "unanikumbuka?"

Mwanamke alivua miwani, na hapo hapakuwa na la kubisha. Alikuwa yeye, amezeeka kidogo. "Nilikujua ulipokanyaga mlangoni. Hukunifokea siku ile, nakumbuka. Ulisema, mama, inua kiatu kidogo, angalia huku."

"Ndivyo tunavyosema."

"Halafu ukaniuliza jina lake. Ndipo ukabonyeza, nikiwa nalitaja." Akaionyesha midomo yake kwa kidole, bila hasira, kama fundi anayeonyesha pindo lilipokosewa. "Kinywa kile hakisemi kumbe. Kinamtaja mwanangu."

Nje mtu aliuliza bei ya sare.

"Mimi nilizoea," aliendelea. "Mwanzo wasichana walinitazama sokoni, wananong'ona, nikanunua miwani hii, wakaacha. Wangu mdogo ndiye aliyenimaliza. Alikuwa na miaka tisa. Walimwonyesha shuleni kwenye simu ya mwalimu. Alirudi, akala, akaosha sahani yake, ndipo akaniuliza, 'Mama, siku ile ya kaka ulikuwa unacheka?'"

"Ukamjibu nini?" aliuliza Sajini kwa sauti ndogo.

"Nikamwambia hapana. Akasema sawa. Lakini mtoto akishauliza, ameshauliza."

"Nisamehe, mama," alisema Inspekta. Miaka yote alikuwa akilisikia neno hilo kwa watuhumiwa na hajawahi kuliona dogo kiasi kile.

"Nikusamehe kwa kupiga?"

"Kupiga ilikuwa kazi. Kwa kutuma."

Alifikiri. "Basi nimesikia," alisema, na hakusema kama amesamehe. "Nishitakini, kukata nimekata. Ila muiteremshe. Kesho watakuja watu na watoto wao, wamevaa vizuri, waje wanicheke. Kwenye simu wananicheka wakiwa kitandani, siwaoni. Hapo ukumbini nitawaona, maana mapazia ya nje bado, inabidi nirudi kesho asubuhi."

*

Mratibu aliwapokea na habari njema. Alikuwa amefikiri. Picha itabaki ilivyo, na tundu lake. "Imekamilika sasa," alisema. "Mtazamaji ameijibu. Hata mashtaka nitayafuta, mkinipatia huyo aliyekata asimame kando yake siku ya ufunguzi."

Inspekta akamweleza aliyekata ni nani. Alieleza yote, pamoja na kiatu, pamoja na kundi la kituo.

Mratibu aliketi. Alivua miwani yake myekundu, akafuta vioo vilivyokuwa safi. Kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. "Mimi nilimpa kalamu asaini," akasema taratibu. "Alikuwa karibu nami kama wewe." Kisha kazi ikamrudia mwilini. "Lakini basi ndiyo maana watu lazima waione! Tutaandika ukweli ukutani. Tutaandika jina la mtoto."

"Umemuuliza?"

"Nani?"

"Mwenye mtoto."

Inspekta akatoa kwenye mkoba karatasi ya kukamata vielelezo. Kitu kilichotendewa kosa ni kielelezo, na kielelezo hakikai ukutani. Hukaa stoo ya kituo, kimefungwa, mpaka kesi iishe. Alishawahi kukamata baiskeli, mbuzi na jeneza tupu. Turubai lilikuwa la kwanza.

"Kesho nafungua maonyesho!" alisema mratibu. "Watu watatazama ukuta mtupu?"

"Mapazia unayo."

Askari wanne waliliteremsha. Walianza kulikunja kama hema, mpaka sauti ikawazuia kutoka mlangoni. Fundi cherehani, waliyemwacha kwenye gari la polisi, alikuwa ameshuka bila kuambiwa.

"Msilikunje, litapasuka. Liviringisheni. Uso uwe ndani."

Wakaliviringisha, uso ukaenda ndani. Mmoja wa askari, kijana, alimtazama yule mama, akatazama turubai, akamtazama tena, akainamisha kichwa.

Garini mama alikaa katikati ya Inspekta na Sajini. Walikuwa wamefika nusu ya njia alipouliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu: "Na zile za kwenye simu?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na wote watatu walilijua hilo. Inspekta alitazama mbele. Dereva akapunguza mwendo kwenye matuta.

*

Mlinzi alitolewa saa saba na dakika kumi. Alisaini kitabu cha mahabusu, akarudishiwa mkanda na kofia.

"Ulikuwa unamfahamu?" Inspekta alimuuliza.

"Hapana. Nilimtambua alipovua miwani kupima. Mimi sina simu ya picha, nimezoea kutazama watu." Akafunga mkanda. "Mnaye mifukoni, afande. Akapita mbele yenu na mapazia begani, hakuna aliyegeuka."

Alipoondoka, Inspekta alichukua jalada, akaenda nalo ofisini, akaliweka upande wa meza wa Sajini. Akavuta kiti cha wageni, akaketi huko.

"Afande, unafanya nini?"

"Mpelelezi hawi shahidi kwenye jalada lake mwenyewe. Kuanzia sasa ni lako. Anza na mimi, kisha mama. Utapeleka kwa wakili wa serikali yote mawili, maelezo yake na yangu, yakiwa pamoja. Akisoma moja asome na jingine. Hapo ndipo atajua kama kuna wa kushitakiwa, na ni nani."

"Umebakiza miezi mitano kustaafu."

"Najua kuhesabu."

"Unaweza kusema hukumbuki. Miaka sita ni mingi. Mimi sitauliza zaidi."

"Andika, Sajini."

Sajini alichukua karatasi ya maelezo. Aliuliza jina lake, umri wake, cheo chake, ingawa alivijua vyote, na akaandika. Akauliza tarehe, saa, mahali. Akauliza nani alikuwa zamu.

"Baada ya kupiga picha uliituma wapi?"

"Kwenye kundi la kituo."

"Lilikuwa na watu wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Kuna aliyekuruhusu kutuma?"

"Hakuna aliyenikataza. Sikuuliza."

"Ilikurudia lini ikiwa na lile neno?"

"Mwezi mmoja baadaye. Pengine haukutimia."

Sajini alisita kabla ya swali lililofuata. Kwenye simu yake mwenyewe, iliyolala kifudifudi mezani, alikuwa naye, tena kwa ukubwa wa namna tatu. "Ulipoiona ulifanya nini?"

Angeweza kusema hakumtambua. Lingekuwa kweli, na kweli hiyo ingemfikisha salama kwenye pensheni yake. Lakini halikuwa jibu la swali aliloulizwa.

"Nilicheka," alisema.

Kalamu ilisimama. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyo. Nilicheka, nikamtumia mke wangu, naye akacheka."

Sajini aliandika mpaka mwisho wa mstari, akaigeuza karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.